Usinunue betri kabla ya kupima chaji

Fika kijiwe chochote cha bodaboda Kayanga au Omurushaka, au nenda upande wa Kyerwa mpaka Nkwenda na Isingiro, useme pikipiki yako imegoma kupiga stata asubuhi. Utapewa hukumu hapohapo: betri imekufa. Kijana mwenye mkataba, ambaye jioni anatakiwa kupeleka hesabu kwa tajiri, anaenda dukani kununua betri. Baada ya wiki chache tatizo linarudi lilelile, na sasa ana betri mbili mbovu. Maneno ya vijiweni kuhusu chaji yanawala watu hela, na mengine yanaunguza vifaa vilivyokuwa vizima. Nayajibu hapa moja baada ya jingine.

Nianze na hilo la betri kufa. Betri haitengenezi umeme, inautunza tu. Umeme unatoka kwenye koili zilizo ndani ya kava ya injini, ambazo sumaku inazizunguka kila injini inapozunguka. Kutoka hapo unapita kwenye rektifaya, kile kidude cha alumini chenye mapezi, ambacho huugeuza uwe wa njia moja na kuuzuia usizidi. Koili au rektifaya ikikosa kufanya kazi, betri mpya itatumika mpaka iishe, kisha itaonekana imekufa kama ile ya kwanza.

Kinachoamua ni mita ya kupimia volti. Pima betri asubuhi kabla hujawasha chochote: betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.8, na ikisoma 12.0 iko karibu tupu. Kisha washa injini, weka ncha nyekundu ya mita kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi, upige resi ya kati. Namba inatakiwa ipande na kutulia kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kuendelea kushuka, chaji haifiki kwenye betri, na kununua nyingine ni kutupa pesa. Ikipanda vizuri lakini asubuhi betri ni tupu, hapo ndipo betri inastahili kushukiwa. Ijaze chaji, kisha bonyeza stata huku ukitazama mita: ikianguka chini ya 9.6, betri imechoka kweli. Kabla ya kuitupa, angalia pia kama kuna kitu kinachonyonya umeme usiku. Alamu za kuzuia wizi ambazo vijana wengi wamefunga hufanya kazi hiyo usiku kucha, hasa zikiwa zimeungwa ovyo.

Neno la pili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linafundishwa kama ufundi: "Chomoa terminali ya betri injini ikiwa inanguruma, ikizima, chaji haipo." Jaribio hili halithibitishi kitu. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojengwa kwa mtindo wa Honda CG125, SanLG zikiwamo, zina koili ya pekee inayolisha CDI, kile kifaa kinachotoa cheche ya plagi. Injini yake itaendelea kunguruma bila betri hata kama chaji imekufa mwaka mzima. Kwa hiyo fundi anakuambia "chaji ipo" wakati haipo. Kwenye pikipiki ambazo CDI yake hutegemea umeme wa betri, hatari ni kubwa zaidi. Betri ndiyo inayotuliza umeme unaotoka kwenye rektifaya. Ukiichomoa ghafla, volti zinaruka juu, na mruko huo unaweza kuunguza balbu, rektifaya na hata CDI yenyewe. Mtu anaondoka na hitilafu ambayo hakuja nayo. Fundi akinyoosha mkono kuchomoa terminali injini ikiwa inawaka, mzuie.

Ndugu wa jaribio hilo ni ule mtindo wa kugusisha waya wa moto kwenye fremu ili kuona cheche. Cheche kubwa haikuambii kama ni volti 12 au 14, na tofauti hiyo ndiyo swali lenyewe. Unachopata mara nyingi ni fyuzi kukatika. Kisha mtu anaweka kipande cha waya badala ya fyuzi, na siku waya zikigusana chini ya tangi la mafuta, hakuna kitu cha kukata umeme.

Wengine husema taa ya mbele ikififia kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka bila resi, na kung'aa ukipiga resi, koili imeungua. Kwenye pikipiki hizohizo za mtindo wa CG, taa kubwa mara nyingi hulishwa moja kwa moja na koili bila kupitia betri. Imetengenezwa ifuate resi. Itafifia kwenye sailensa ikiwa mpya na itafifia ikiwa kuukuu. Namna ya kujua ni rahisi: zima injini, acha ufunguo uwe umefunguliwa, washa taa kubwa. Isipowaka wakati honi inalia vizuri, kuna uwezekano mkubwa taa hiyo haitegemei betri kabisa, na kufifia kwake hakukuambii lolote kuhusu chaji.

Neno jingine: "Chaji ikikosekana, badilisha rektifaya." Huu ni ubashiri tu, na unapendwa kwa sababu rektifaya ni rahisi kufungua, boliti moja au mbili, wakati koili inadai kufungua kava ya injini. Lakini kwenye barabara zetu, zenye vumbi jekundu kiangazi na tope linaloruka mpaka kwenye waya wakati wa masika, kitu cha kushuku mwanzo ni maungio. Fungua soketi ya rektifaya uangalie pini zilizoota kutu ya kijani au plastiki iliyoyeyuka kwa joto. Angalia fyuzi. Kisha, injini ikiwa kwenye resi, pima kati ya hasi ya betri na waya wa bodi unaoingia kwenye rektifaya, ambao kwenye pikipiki za mtindo wa Honda huwa wa kijani. Mita isome karibu na sifuri. Ikizidi volti 0.3, waya wa bodi umelegea au umeshika kutu, na dawa yake ni msasa na spana.

Hapo yakiwa salama, chomoa soketi ya koili, weka mita kwenye volti za AC, upige resi. Usizishike pini kwa mikono, kwani zinaweza kutoa makumi ya volti. Namba ipande kadiri resi inavyopanda. Kwenye pikipiki yenye waya tatu za njano zinazotoka kwenye koili, pima jozi zote tatu: zinatakiwa zifanane, na jozi ikiwa chini sana kuliko wenzake, koili ndiyo mgonjwa. Mafundi wengi hukosea kwenye kipimo cha omu hapa. Ni kweli kwamba koili ya waya tatu ikionyesha njia kwenda kwenye bodi, imeungua. Lakini koili ya pikipiki nyingi za mtindo wa CG imefungwa ncha moja kwenye bodi tangu kiwandani, kwa hiyo lazima ionyeshe njia. Koili nzima zimetupwa kwa kutojua hilo. Koili ikitoa umeme wake vizuri, maungio ni safi, na bado betri haipati zaidi ya 12, hapo nunua rektifaya. Inunue pia kama mita inapita 15, maana chaji hiyo inachemsha betri na kuua balbu.

Kuhusu kuongeza asidi maji yanapopungua kwenye betri ya maji: hapana. Kinachopungua ni maji, asidi inabaki ndani. Ongeza maji yaliyosafishwa ya betri. Asidi juu ya asidi hula mabamba ya ndani.

La mwisho ni kwamba redio na taa za nakshi hazina neno kwa kuwa "chaji ni nzima". Piga hesabu. Betri ya volti 12 yenye Ah 5 inatunza wati-saa 60 ikiwa mpya na imejaa. Spika inayokula wati 30, ukiiacha inapiga kijiweni injini ikiwa imezimwa, inaimaliza kwa saa mbili. Safari fupi ya Kayanga, stata ikibonyezwa kila abiria anaposhuka na simu mbili zikichajiwa, hairudishi kilichotoka. Mfumo huo hauna hitilafu yoyote, umeelemewa. Piga kiki mchana, acha stata kwa ajili ya usiku, na zima redio ukiwa umeegesha.

Mita ya kawaida bei yake ni ndogo kuliko ya betri. Kijiwe chenye watu kumi kinaweza kuchanga na kuinunua, nayo ikatumika kwa miaka. Na siku fundi atakapokuambia ununue kifaa, iwe Kaisho, Nyaishozi au Murongo, muulize mita imesoma ngapi kabla hujatoa hela. Asipokuwa na namba ya kukuonyesha, peleka pikipiki kwa fundi mwingine.