Umeme Uzimwe Kwanza

Watu wengi hudhani kwamba umeme humdhuru yule tu agusaye waya. Sivyo. Katika kabati la swichi la kiwandani, bisibisi ikiponyoka na kuunganisha vyuma viwili vyenye umeme, moto huruka hewani, na joto lake laweza kufika nyuzi 19,000 za Selsiasi, zaidi ya mara tatu ya joto la uso wa jua. Shaba hugeuka mvuke na kulipuka. Fundi aliyesimama hatua moja huungua uso na mikono pasipo kugusa kitu. Na shati lake likiwa la nailoni au poliesta, huyeyuka na kugandamana na ngozi.

Twauliza: kwa nini kabati lile lilifunguliwa umeme ukiwamo? Mara nyingi jibu si uzembe wa fundi. Ni msimamizi aliyesema mashine zisisimame, kwa kuwa mzigo unangojewa. Hasara ya saa moja ya uzalishaji imewekwa mizanini pamoja na uso wa mtu, nayo ikaonekana nzito zaidi.

Kinga yenyewe si siri. Umeme ukatwe, swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa fundi mwenyewe, si ofisini, kibao chenye jina lake kitundikwe, kisha apime, kwa kipimo alichokijaribu kwanza mahali penye umeme, maana kipimo kibovu nacho husema hakuna umeme. Fyuzi iliyoungua isizibwe kwa kipande cha waya (desturi tunayoijua sote), kwani fyuzi ya kweli hukata umeme upesi na kuupunguza moto. Mavazi ya kuzuia moto yanafaa, lakini huja mwisho. Kumvika mtu na kumtuma motoni si kumlinda.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, aliyahesabu mazingira ya kazi yasiyodhuru afya miongoni mwa haki za mfanyakazi. Sheria ya Kenya ya usalama kazini ya mwaka 2007 nayo yamkataza mwajiri kumrudisha mtu penye hatari kubwa aliyoitolea taarifa, kabla haijaondolewa. Lakini kibarua wa siku, awaonaye wenzake wakingoja kazi langoni tangu alfajiri, atamwambiaje msimamizi, "Sifungui"? Kwa hiyo neno letu hatulielekezi kwake. Twalielekeza kwenu wenye viwanda, ambao baadhi yenu huketi viti vya mbele kanisani mwetu: agizo la kuzima litoke kwenu, kwa maandishi, kabla fundi hajaliomba.