Kibodi 'iliyokufa' isiwe sababu ya kutupa kompyuta

Laptopu imewekwa mfumo mpya, imewaka vizuri, picha ya Linux imejitokeza kwenye kioo na sasa inaomba neno la siri. Mwenye nayo anabonyeza, hakuna herufi inayotokea. Anabonyeza tena kwa nguvu, kana kwamba kitufe kina uziwi, kisha anaibeba kwa fundi. Kariakoo jijini Dar es Salaam au Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, jibu jepesi ni kwamba kibodi imekufa, ibadilishwe. Kama mashine ni ya ofisi ya umma, huenda isifike hata kwa fundi. Inaandikiwa kwamba ni mbovu, inasukumwa stoo na kusubiri kufutwa kwenye daftari la mali.

Mara nyingi kibodi ya namna hiyo ni nzima. Kilichokosekana ni draiva, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo endeshi kuelewana na kifaa. Kampuni iliyotengeneza kompyuta iliandaa draiva za Windows na kuishia hapo. Mfumo mwingine ukiwekwa, hakuna aliyeahidi kwamba vitufe vitaitika.

Suala hili limeacha kuwa la wapenzi wa kompyuta peke yao tangu Oktoba 14, 2025, siku Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa mashine za Intel, kwa jumla, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Laptopu za kabla ya hapo, ambazo ndizo zimejaa kwenye maduka ya mitumba ya Kampala, Bujumbura na Mwanza, zimeachwa nje. Upo mpango wa kuongezewa masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, lakini mwaka mmoja hupita haraka. Kwa hiyo wenye mashine hizo wanahamia kwenye mifumo ambayo mtengenezaji hakuiweka kwenye orodha yake, na huko ndiko kibodi zinakogoma.

Chanzo chake kina historia. Mwaka 1984 IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC/AT, kazi ya kusimamia kibodi ilipewa chipu iliyoitwa 8042. Laptopu nyingi mpaka leo hujifanya ndani yake zina chipu hiyo, na kila mtengenezaji huigiza kwa namna yake. Linux inapouliza maswali ya kawaida na kujibiwa kivingine, inaiacha kibodi bila kuitambua. Dawa yake huwa ni maneno machache yanayoongezwa wakati wa kuwasha, kama vile i8042.reset au i8042.dumbkbd. Ajabu ni kwamba maneno hayo huandikwa kwa kibodi ile ile iliyoitwa maiti. Kwenye orodha ya kuwashia, kabla Linux haijaanza kazi, vitufe husimamiwa bado na programu ya mtengenezaji, hivyo fundi hubonyeza "e", anaongeza neno mwishoni mwa mstari unaoanza na "linux" na kuendelea. Nyongeza hiyo hudumu kwa kuwasha mara moja tu. Isipohifadhiwa kwenye mipangilio, kesho mteja atarudi akilalamika kwamba ameibiwa.

Kuna nyakati ambapo hata maneno hayo hayahitajiki. Ni flashi ya fundi iliyozeeka. MacBook Pro za 2016 na 2017 hazikuunganisha kibodi kwa njia iliyozoeleka, na draiva yake iliingizwa rasmi kwenye kiini cha Linux toleo la 5.3 mwaka 2019. Fundi anayetembea na toleo la 2018 mfukoni atabadilisha kibodi tatu na zote zitanyamaza. Kwa wanaolazimisha macOS mpya kwenye Mac ambazo Apple imekwisha kuziacha, wakitumia programu ya wafanyakazi wa kujitolea iitwayo OpenCore Legacy Patcher, mtego ni mwingine. Kuanzia toleo la Ventura la 2022, Apple iliondoa draiva za USB 1.1, na baadhi ya Mac za 2008 hadi 2010 hutegemea njia hiyo kwa kibodi ya ndani. Suluhisho la muda ni kuchomeka kibodi ya nje kupitia habu ya USB 2.0 hadi viraka vikamilike kuwekwa.

Mambo haya yote yanafahamika. Tatizo la Afrika Mashariki ni kwamba yanafahamika kichwani mwa fundi mmoja mmoja, au kwenye kundi la WhatsApp ambalo ujumbe wake unazama kabla ya jioni. Fundi wa Goma aliyehangaika wiki nzima na aina fulani ya Dell hana pa kuandika alichokipata ili mwenzake wa Kigoma akione. Wanaoboresha Linux wameonyesha njia. Mwaka 2022, laptopu kadhaa mpya zenye prosesa za AMD zilipopoteza kibodi, sehemu ya marekebisho ilikuwa orodha ya majina ya mashine ndani ya kiini cha mfumo, ikiongezwa jina kila mtumiaji alipotoa taarifa. Aliyekaa kimya, mashine yake haikuingia.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina vyombo vya kuibeba kazi hii. Kamisheni ya Sayansi na Teknolojia, EASTECO, ina makao yake Kigali. Kamisheni ya Kiswahili iko Zanzibar. La kwanza lingeweza kukusanya jedwali la aina za kompyuta zinazozunguka katika nchi wanachama, pamoja na dawa iliyothibitishwa kwa kila moja. La pili likaliweka katika Kiswahili kinachosomeka kibandani. Kazi hiyo haihitaji jengo jipya wala, kwa hisani ya walipa kodi, semina ya siku tatu hotelini.

Jedwali liwe pia na Kifaransa, kwa sababu upande wa magharibi wa Jumuiya kuna tatizo la pili linalofanana mno na la kwanza. Burundi na Kongo zimezoea kibodi ya AZERTY. Kenya, Uganda na Tanzania hutumia QWERTY. Rwanda, iliyohamia Kiingereza shuleni baada ya Kifaransa, imezifahamu zote mbili. Mashine ikivuka mpaka wa Kobero na mfumo ukawekwa bila kuchagua mpangilio sahihi wa herufi, vitufe vinaitika lakini vinasema uongo. Anayeandika "ng'ombe" kwenye QWERTY iliyodhaniwa kuwa ya Kifaransa hupata "ngùo,be". Kwenye barua hilo ni kichekesho. Kwenye neno la siri, ambalo huonekana kama nukta tu, ni balaa: mtumishi huapa kwamba hajasahau, na kweli hajasahau.

Wapo wanaosema ofisi za serikali zisiguse kabisa mfumo usiotambuliwa na mtengenezaji. Hoja yao ina uzito kwa Mac zilizotiwa viraka. Hizo zisikae kwenye meza yenye siri za watu. Lakini Linux kama Ubuntu ya muda mrefu hupata masasisho ya usalama kwa miaka mitano, jambo ambalo Windows 10 iliyoachwa haiwezi kujivunia. Hatari kubwa zaidi iko kwa fundi anayepakua "draiva" kutoka tovuti yoyote iliyojitokeza. Draiva ya kibodi huona kila kitufe, ikiwemo nywila ya benki. Jedwali rasmi lingempunguzia sababu ya kwenda kuokota.

Wakati vyombo hivyo vikijadiliana, maofisa ugavi hawana haja ya kusubiri. Kompyuta iwashwe, waingie kwenye skrini ya mipangilio ya BIOS na kubonyeza mishale. Vikiitika huko na kunyamaza baadaye, kibodi ni nzima na mfumo ndio wa kushughulikiwa. Kipimo hicho huchukua dakika mbili. Kingetosha kuwa mstari mmoja kwenye fomu ya kufuta mali, ukiwa na nafasi ya kuandika ndiyo au hapana na sahihi ya aliyepima.