Picha Isibaki Bila Ndege

Katika mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi anaishi korongo mkubwa wa kijivu, mwenye mdomo mpana mfano wa kiatu. Husimama kimya katika mafunjo muda mrefu akivizia kambare na kamongo. Wataalamu wanakadiria kuwa duniani kote wamebaki kati ya 5,000 na 8,000 tu. Ni aibu iwapo mtoto wa Ujiji, ambaye Mto Malagarasi huingia katika ziwa lake, atamaliza shule asimjue ndege huyu hata kwa sura.

Dawa moja tunayo mikononi. Kuchapa picha kwa kibao kilichochongwa si sanaa ngeni kwetu. Kanga, vazi la mama zetu tangu Unguja hadi Ujiji, inasemekana ilipewa jina la ndege kwa ajili ya madoadoa yake, na zile za awali zilichapwa kwa mkono. Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, iliwafunza vijana kuchapa, na marehemu George Lilanga akawapeleka mashetani wake hadi Ulaya. Kama shetani amestahili heshima hiyo, korongo wetu ana kosa gani?

Ubora wa kazi hii ni kwamba kibao kimoja huzaa picha nyingi kwa gharama ndogo. Tunawashauri maafisa wa elimu na utamaduni wawapatie vijana mbao, visu na wino, ili picha za ndege wetu zitundikwe madarasani, zahanati na kwenye mialo ya wavuvi. Ndugu zetu wa Pemba nao wanaye ninga wao, asiyepatikana kwingine kokote ulimwenguni. Naye achongwe.

Lakini tuseme kweli: picha hailindi kiota. Mabwawa hayo yaliingizwa katika Mkataba wa Ramsar mwaka 2000, nayo moto, mifugo na mashamba bado vinayasonga. Haifai kiongozi afungue maonyesho ya picha asubuhi, kisha jioni aidhinishe shamba katikati ya mafunjo. Wananchi wanaoishi kandokando washirikishwe, waonyeshwe pa kulima na pa kuchunga, na sheria isimamiwe kwa wote bila upendeleo.

Ndege hawa ni amana. Wajukuu wetu wakiikuta picha ukutani na bwawa likiwa tupu, watatuuliza tulikuwa wapi.