Aliyebadili Njia Akiwa na Miaka 41

Mwanafunzi mmoja wa Gredi ya 9 alinijia majuzi uso umemkunjamana. Ametakiwa kuchagua mkondo atakaoufuata katika sekondari pevu, naye anahofia kwamba akikosea leo, amekosea maisha. Nikamkumbuka John Preskill wa Chuo cha Teknolojia cha California, Marekani.

Bwana huyu hakuanza na kompyuta. Mwaka 1979, akiwa bado mwanafunzi wa uzamifu Harvard, alichapisha makala kuhusu chembe zenye ncha moja tu ya sumaku. Alionyesha kwamba iwapo nadharia za wakati huo zilikuwa sahihi, ulimwengu ungefurika chembe hizo. Hazijaonekana popote! Fumbo hilo lilichangia kuzaliwa kwa nadharia ya Alan Guth, isemayo kwamba ulimwengu mchanga ulitanuka ghafla.

Kisha mambo mawili yakafuatana. Mwaka 1993 Bunge la Marekani liliuvunja mradi wa mtambo mkubwa wa kugonganisha chembe huko Texas, uliokuwa umekwisha kula takriban dola bilioni 2. Mwaka 1994 Peter Shor akathibitisha kuwa kompyuta ya kwanta ingeweza kupata upesi vigawo tasa vya nambari kubwa mno, yaani kufumbua siri zinazolinda fedha na mawasiliano. Preskill, mwenye umri wa miaka 41, akawa mwanafunzi tena.

Nasema mwanafunzi makusudi. Vitabu vya kiada vya somo hilo vilikuwa haba. Alipoanza kulifundisha alijiandikia maelezo mwenyewe, na hadi leo yeyote huyasoma bila kutoa senti. (Walimu wangapi hapa kwetu huyaficha madaftari yao?)

Wapo watakaonijibu kwamba kompyuta hizo ni ndoto ya mchana. Waama, Preskill mwenyewe hakulificha hilo. Ndiye aliyebuni, mwaka 2012, istilahi ya "ukuu wa kwanta" iliyozua kelele nyingi. Lakini mwaka 2018 aliandika kuwa mashine za kizazi hiki zimejaa makosa na hazitaigeuza dunia mara moja.

Kijana aliniuliza ikiwa miaka yake ya kwanza ilipotea bure. La hasha! Hisabati aliyoitumia kuchunguza chembe za ajabu mwanzoni mwa miaka ya tisini ndiyo iliyomfaa baadaye alipotafuta namna ya kuzikinga kompyuta hizo dhidi ya makosa. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwonyeshe maelezo hayo yanapopatikana.