Hiyo "94" kwa kona ni uongo

Wasee wa Islii, hebu tuongee. Umepiga picha First Avenue jana, ukaipausha, ukamwaga chengachenga na manjano, halafu kwa kona ukabandika "94" ya rangi ya machungwa. Na BBS Mall iko hapo nyuma! Miaka hiyo ya 90 watu walikuwa wanaenda Garissa Lodge, loji iliyogeuzwa maduka.

Picha za zamani hazikutoka studio zikiwa zimepauka. Rangi zake zilikufa polepole, mara nyingi samawati ikitangulia, ndiyo maana zimebaki nyekundu-nyekundu. Mimi pia nilikuwa natumia hizo filta, mpaka nyanya akaniuliza mbona kamera yangu ni chafu.

Albamu yake iko chini ya kitanda, plastiki inanata kwa nyuso. Yako pia iko mahali. Iskani kabla anayejua majina hajayasahau.