MAMBO YA AFYA: Ini la Mnywaji na Askari wa Damu

Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilikataza pombe ya viroba, na huku Kibamba vifuko vile vikatoweka madukani. Gongo haikutoweka, wala chupa. Na ini halichagui chombo.

Wengi hudhani pombe huunguza ini kama moto uunguzavyo nyasi. Si hivyo tu. Pombe hulegeza ukuta wa utumbo, sumu za vijidudu zikapenya, zikachukuliwa na damu mpaka katika ini. Humo mna chembe walinzi. Wakiziona hupiga mbiu, na chembe nyeupe za damu huja kwa wingi kama jeshi. Lakini jeshi lipiganalo ndani ya nyumba huvunja nyumba yenyewe. Ndipo macho yawapo manjano, tumbo likajaa maji, na jirani wakaanza kunong'ona juu ya uchawi.

Tena kuna ajabu. Askari hao hao waliojaa katika ini huwa dhaifu mbele ya vijidudu vya kweli, hata wagonjwa wengi huuawa na maambukizo.

Dawa iitwayo prednisoloni hutuliza jeshi hilo. Katika jaribio kubwa la Uingereza, lililotangazwa mwaka 2015, walijaribiwa wagonjwa zaidi ya 1,000. Waliopewa dawa hiyo peke yake, katika kila 100 walikufa 14 ndani ya siku 28. Wasiopewa dawa yo yote, 17. Tofauti ni ndogo, nayo yaweza kuwa ya bahati tu. Na maambukizo makali yalizidi kwa walioitumia: 13 katika 100, kwa 7. Kwa hiyo siku ya 7 waganga hupima damu kwa hesabu iliyotungwa mjini Lille, Ufaransa. Umanjano usiposhuka, dawa husimamishwa. Watafiti wamezichungulia na chembe zenyewe: mgonjwa ambaye chembe zake haziwezi kuwasha ule moto wa kuulia vijidudu, ndiye aelekeaye zaidi kuambukizwa.

Basi vidonge hivi visinunuliwe dukani kwa shauri la rafiki. Mgonjwa apelekwe hospitali, na Mloganzila haiko mbali, apimwe kwanza kama ana maambukizo, na kama ana virusi vya homa ya ini.

Kuacha pombe ndiko kunakorefusha maisha kupita kidonge cho chote. Lakini aliyekunywa sana miaka mingi asiikate ghafula akiwa peke yake nyumbani, maana aweza kushikwa na degedege na kuweweseka. Na aache chini ya macho ya waganga.