Kadi za Michoro: Tununue kwa Vipimo au kwa Ushabiki?

Wahenga walinena kwamba ukipenda, chongo huita kengeza. Msemo huu aghalabu hutumiwa katika mambo ya mapenzi, lakini mimi nimeushuhudia ukitimia mahali nisipopatarajia, yaani miongoni mwa vijana wasomi wanaocheza michezo ya kompyuta. Waulize wawili kati yao ni kadi gani ya michoro inayofaa kununuliwa. Kabla hawajataja kipimo hata kimoja, mmoja atakuwa upande wa NVIDIA na mwingine upande wa AMD, na mabishano yatakuwa yale yale ya Simba na Yanga.

Yafaa kwanza ieleweke kadi hiyo ni kitu gani. Ni kifaa kilichomo ndani ya kompyuta, ambacho kazi yake kubwa ni kukokotoa rangi ya kila nukta inayoonekana kwenye kioo. Kioo chenye nukta 1920 kwa 1080 kina nukta 2,073,600. Ili mchezo uende bila kukwamakwama, nukta hizo hukokotolewa upya mara 60 hivi katika kila sekunde. Yaani rangi zaidi ya milioni 120 kwa sekunde moja. Hii ni kazi inayopimika, wala haihitaji imani.

Tuchukue mfano wa kadi mbili za bei ya kati. Mwezi wa Mei 2023 AMD ilitoa Radeon RX 7600 kwa dola 269 za Marekani; mwezi uliofuata NVIDIA ikatoa GeForce RTX 4060 kwa dola 299. Kila moja ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 8, na njia ya kumbukumbu yenye upana wa biti 128. Hata vipande vyake vya silikoni vilitengenezwa na kampuni moja, TSMC ya Taiwan. Katika michezo mingi ya kawaida kasi zake zilikaribiana.

Tofauti zilikuwapo, lakini hazikuelemea upande mmoja. RX 7600 ilikuwa nafuu kwa dola 30. RTX 4060 iliishinda katika michezo inayokokotoa njia ya miale ya mwanga. Tena, kwa takwimu za watengenezaji, ilihitaji wati 115 ambapo mwenzake ilihitaji wati 165. Anayecheza saa 4 kila siku, kwa tofauti hiyo ya wati 50, hutumia uniti 73 zaidi za umeme kwa mwaka. Mwenye kucheza Jumamosi tu hana haja ya kuisumbukia hesabu hiyo. Matoleo mapya yamekwisha kufuata, lakini somo halikubadilika: jibu hutegemea mahitaji ya mnunuzi na mfuko wake.

Shabiki hudhani kwamba kampuni aipendayo nayo inampenda. Historia haimuungi mkono. Mwaka 2001 iligunduliwa kwamba programu ya kuendeshea kadi ya Radeon 8500, ya kampuni ya ATI ambayo AMD iliinunua mwaka 2006, iliutambua mchezo wa Quake III kwa jina lake na kupunguza ubora wa picha ili kuongeza kasi. Wapimaji walipolibadilisha jina hilo kuwa Quack, kasi ilishuka. Mwaka 2003 ikawa zamu ya NVIDIA. Futuremark, watengenezaji wa kipimo cha 3DMark03, walitangaza kwamba programu za NVIDIA zilikitambua kipimo hicho na kuruka sehemu ya kazi. Kisha ikaja GeForce GTX 970, iliyouzwa tangu Septemba 2014 kuwa ina gigabaiti 4 za kumbukumbu. Mapema mwaka 2015 ilibainika kwamba nusu gigabaiti kati ya hizo ilikwenda polepole mno kuliko nyingine, na mwaka 2016 NVIDIA ilikubali kuwalipa wanunuzi wa Marekani dola 30 kwa kila kadi. Katika visa vyote hivi, ukweli haukuletwa na mashabiki waliopiga kelele, bali na watu waliokaa wakapima.

Sisemi haya kana kwamba mimi nimetakasika. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya udaktari, mwenzangu alinishauri kununua kadi iliyokuwa nafuu. Niliikataa kwa sababu ya jina lake tu, nikatumia akiba ya miezi kadhaa kununua ile ya chapa niliyoizoea. Baadaye tulizipa kadi zetu hesabu moja, na yake ikamaliza kwanza. Mchana nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wasikubali tarakimu isiyo na ushahidi. Jioni nilikubali maneno yaliyoandikwa kwenye kasha.

Huenda msomaji akasema kwamba mazoea nayo yana faida. Ni kweli. Programu nyingi za ukokotoaji wa kisayansi zimeandikwa kwa kutegemea CUDA, mfumo ambao NVIDIA iliutoa mwaka 2007, na mwanafunzi anayezihitaji ana haki ya kuchagua kadi za kampuni hiyo. Lakini hiyo ni sababu inayotajika na kuchunguzika. Kusema "sisi kwetu ni NVIDIA tu" au "AMD daima" si sababu.

Kwa hiyo nawasihi vijana wetu, kabla ya kutoa fedha ambazo pengine ni za mzazi, waulize: nitaitumia kwa kazi gani, kwa saa ngapi, kwa umeme kiasi gani, na nani asiye muuzaji aliyeipima? Kijana aliyezoea kuuliza hivyo juu ya kadi ya dola 300 hatashindwa kuuliza hivyo hivyo juu ya mbegu, dawa au mtambo utakaoletwa nchini kwa fedha za umma.